Vitambaa Kumi na Viwili Visivyoelewana

Mfarishi wangu wa kwanza wa viraka, yaani blanketi la vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, haukuwahi kuwa mfarishi. Uliishia safu ya nne, ukakunjwa, ukatiwa mfukoni, na mfuko ukasukumwa chini ya kitanda. Nilikuwa nimepanga safu 15. Kila safu ingekuwa na miraba 12, kila mraba umekatwa inchi 5 kwa 5, na dada yangu, mjamzito wa miezi sita, alikuwa ameshaambiwa kwamba zawadi ya mtoto iko njiani.

Kushona nilikuwa najua, na hilo ndilo lililoniponza. Nimekunja pindo za suruali na kubadilisha zipu tangu nikiwa mwanafunzi. Cherehani hainitishi. Kwa hiyo niliona kuunganisha miraba, mishono iliyonyooka tu, haina kola wala mkono, itakuwa mteremko. Ambacho sikukijua ni kwamba kazi hii huharibika au hutengemaa kabla uzi haujapita kwenye tundu la sindano, pale unaposimama mbele ya vitambaa ukaamua kipi kiingie na kipi kibaki.

Mimi nilivichagua kimoja kimoja. Kizuri chajiuza, nami nilikuwa mnunuzi mwepesi. Nilikuwa na satini ya zambarau iliyobaki kwenye gauni. Nilikuwa na jinzi kuukuu, fulana ya njano niliyoipenda mno hadi ikanibana, na shati la mistari la marehemu baba. Kisha nikaenda dukani nikaongeza vinane: chekundu cha damu ya mzee, cheupe kabisa, chenye maua makubwa kama sahani, chenye ndege, na vinne vingine ambavyo leo hata sikumbuki vilinivutia nini. Vyote vya dukani nilikatiwa robo mita. Nilivipanga kitandani nikavipiga picha. Kila kimoja peke yake kilikuwa kizuri, na hata leo sibishi.

Ugomvi ulianza na fulana. Kitambaa cha fulana hakina mtande wala mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazopishana; kimefumwa kwa vitanzi kama sweta, na vitanzi huvutika. Nilikata miraba ya inchi 5 sawasawa. Nikaipitisha chini ya mguu wa cherehani pamoja na pamba ya kawaida. Ilipotoka upande wa pili, fulana ilikuwa imerefuka upana wa kidole na pamba imebaki vilevile. Nikavuta kidogo hapa, nikakusanya kidogo pale, nikajiambia pasi itasawazisha. Pasi ilikuza tatizo, maana fulana ikipata joto na mvuke huzidi kujiachia.

Satini ikafuata. Mshono wa viraka ni mwembamba, robo inchi tu, na kwa sababu hiyo mraba wa inchi 5 ukishashonwa pande zote hubaki inchi 4 na nusu. Kitambaa ambacho nyuzi zake huchomoka kwa kuguswa hakiwezi kuishi kwenye robo inchi. Satini yangu ilikuwa inamwaga nyuzi hata nilipokuwa naibeba kutoka mezani. Miraba miwili ilifumuka kabla safu haijaisha. Wa tatu uliganda kwenye pasi ukaacha doa jeusi linalonuka plastiki. Ndipo nikajua kwamba kile nilichokiita hariri kilikuwa poliesta.

Jinzi nayo haikuvutika wala haikufumuka, ila ilikuwa nene. Pale kona nne za miraba zinapokutana kuna tabaka nyingi za kitambaa zimekaliana, na miwili kati ya minne ikiwa ya jinzi, cherehani ya nyumbani hulalamika. Yangu ilivunja sindano. Kipande kiliruka karibu na jicho, nikazima mashine, nikakaa.

Hata hivyo nilimaliza safu nne. Kisha nikafanya kosa la mwisho: nikazifua ili zilainike. Damu ya mzee ilitoka kama chai. Mraba mweupe uliokuwa jirani yake ukawa waridi, miraba ya shati la baba ikapata madoa, na vile vitambaa vya dukani vikajikunja, kila kimoja kwa kiasi chake, kiasi kwamba uso mzima ulikuwa na makunyanzi kama maziwa yaliyoganda.

Shangazi yangu ni fundi wa nguo. Mfarishi hajawahi kushona hata mmoja, lakini ameshika vitambaa miaka mingi kuliko umri wangu. Alipokuja nilimsalimu, akaitikia marahaba, akaomba kuona hiyo kazi niliyokuwa nikiisimulia kwenye simu. Nilimtolea mfuko. Hakucheka. Aliutandaza uso ule mapajani, akafumba macho, akaupitisha mkono juu yake polepole kama mtu anayetafuta mwiba.

"Mwanangu," akasema, "ukifumba macho unahesabu nyumba ngapi hapa?"

Nikafumba. Nikapitisha mkono. Kizito, chepesi, kinachoteleza, kinachovutika, kinachokwaruza. Nikasema tano.

"Basi chagua nyumba moja. Rangi utaiangalia baadaye."

Nimesoma na kutazama mengi tangu siku ile kuhusu mifarishi, na sijapata ushauri uliowahi kunifaa zaidi. Mtu anayenunua kitambaa cha gauni anaangalia kitambaa na mwili wake. Anayeshona viraka anaangalia kitambaa na jirani yake, kwa sababu kila mraba utabanwa na wengine wanne, utafuliwa nao, utavutwa nao kila mtu anapoligeuza blanketi usiku. Jinzi ikishonwa na pamba nyepesi, jinzi haipati shida yoyote. Pamba ndiyo itakayochanika, tena palepale kando ya mshono.

Kwa hiyo mara ya pili nilichagua nyumba moja: pamba tupu, iliyofumwa kwa mtande na mshindio, ya uzito wa shati. Si laini ya kuteleza, si nzito ya suruali. Ukiishika mbele ya dirisha mwanga unapita lakini huoni vidole vyako. Pamba ya namna hii hutulia chini ya sindano, hukubali pasi ya moto mkali, na ukiikunja kwa kucha mkunjo unabaki. Hilo la mwisho ni jaribio ninalolifanya mpaka leo dukani bila kumwomba mtu ruhusa. Poliesta hurudi yenyewe kama haijaguswa.

Kama kitambaa hakina lebo na kucha haikunipa jibu, huchomoa nyuzi chache, nikazishika kwa kibanio cha chuma juu ya sinki, nikaziwashia kiberiti. Pamba hushika moto upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha majivu mepesi yanayosagika. Poliesta hujikunyata ikiukimbia moto, huyeyuka, na ikipoa inaacha punje ngumu nyeusi. Ukipata majivu na punje kwa pamoja, ni mchanganyiko. Sina ugomvi na mchanganyiko kwenye shati. Kwenye mfarishi wa kwanza naushauri ubaki nje, kwa sababu hausinyai kama pamba na hauipendi pasi ambayo pamba inaidai.

Kuhusu kufua kabla ya kukata watu wanabishana sana. Wapo wanaopenda kushona kitambaa kikiwa na wanga wake wa kiwandani, kigumu, rahisi kukata, na wanaupenda ule mkunyanzi unaotokea baada ya kufua mara ya kwanza. Sawa. Mimi nafua. Pamba mpya mara nyingi husinyaa asilimia 3 hadi 5, yaani mita moja inaweza kukupotezea sentimita 3 mpaka 5, na nikikumbuka yale maziwa yaliyoganda sitaki kubahatisha. Ambalo halina ubishi ni kuchanganya: ama vyote vifuliwe, ama kisifuliwe hata kimoja.

Rangi kali huzipima peke yake. Nalowanisha kitambaa cheupe, nakibonyeza juu ya chekundu au buluu iliyokolea huku nikisugua, nahesabu mpaka thelathini. Cheupe kikitoka cheupe, vizuri. Kikitoka na rangi, kile chekundu kinafuliwa peke yake tena na tena mpaka maji yawe meupe, na kama hayawi meupe basi kitambaa hicho kina kazi nyingine duniani. Ile damu ya mzee niliifua mara sita. Sasa ni mfuko wa vibanio vya nguo.

Na robo mita. Hili lazima nilieleze polepole kwa sababu bado linaniuma. Mfarishi wangu ulihitaji miraba 180. Vitambaa 12, miraba 15 kwa kila kimoja. Kitambaa chenye upana wa inchi 44 kinatoa miraba 8 ya inchi 5 kwa ukanda mmoja, hivyo kanda mbili zinatoa 16. Kanda mbili ni inchi 10. Nikajiambia inchi 10 si ndiyo robo mita? Robo mita ni sentimita 25. Inchi 10 ni sentimita 25.4. Nilipungukiwa na milimita 4 kwa kila kitambaa cha dukani, kabla ya kufua, na kabla ya kuzingatia kwamba muuzaji hakati kwa rula. Mara ya kwanza niliziba pengo kwa kukata ukanda wa pili mwembamba kidogo, "haitaonekana". Ilionekana kwenye kila kona. Sasa nanunua sentimita 40 hata kama hesabu inasema 26, na pindo ile ngumu ya kiwandani pande zote mbili naiondoa kwenye hesabu, maana imesukwa kwa kubana na haifai kuingia kwenye mraba.

Nilipomaliza haya yote ndipo nikajiruhusu kuangalia rangi, na hapo nikagundua kwamba nilikuwa sijui kuangalia rangi.

Nilichagua nyekundu, kijani, buluu na chungwa. Zilikuwa zinapigana mezani, changamfu kabisa. Nikakata mraba mmoja wa majaribio kwa kila kitambaa, nikavibandika ukutani kwa pini, nikarudi nyuma hatua saba. Tope. Sikuelewa. Nilipokaribia, nyekundu ilikuwa nyekundu na kijani kijani. Nikirudi nyuma vilikuwa kitu kimoja kizito kisicho na umbo. Nikavipiga picha kwa simu, na kwa kucheza tu nikaibadilisha picha kuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Vitambaa kumi kati ya 12 vilikuwa kijivu kilekile.

Nilikuwa nimechagua rangi kwa majina yake. Jicho la mtu aliye mbali halisomi majina. Linasoma mwangaza na giza. Nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea ni maadui kwenye meza, lakini ukiviondolea rangi ni mapacha. Umbo la mfarishi, yaani ule mchoro unaouona ukiingia chumbani, hutengenezwa na tofauti ya chenye mwanga na chenye giza. Rangi zenyewe huja nyuma kama mwimbaji wa pili. Ndiyo maana mfarishi wa buluu tupu, kuanzia buluu ya maji hadi buluu ya usiku, unaweza kusimama vizuri, huku mfarishi wa rangi kumi na mbili ukalala chali.

Nilirudi dukani na simu mkononi. Nilivitoa vitambaa kwenye majora, nikavipanga kwa ngazi, vyenye mwanga, vya katikati, vyenye giza, nikapiga picha, nikaiondolea rangi, nikabadilisha. Msaidizi wa duka alinitazama kwa subira kubwa. Nilitaka vinne kwa kila ngazi, na jambo lililonishangaza ni jinsi vyenye mwanga vilivyokuwa vigumu kupata. Si kwamba havikuwepo. Macho yangu yaliviruka. Mtu hapendi kitambaa cha rangi ya maziwa chenye vitone vidogo vya kijivu, hakikuiti ukipita. Lakini ukiweka pembeni yake ile buluu ya usiku, buluu inapumua. Nilijilazimisha kununua vinne vya namna hiyo, na ndivyo vinavyosifiwa na kila anayeuona mfarishi, ingawa wanadhani wanaisifu buluu.

Jambo jingine: ngazi hizi si za kudumu. Kitambaa cha katikati kikikaa na vyenye giza kinaonekana chenye mwanga, kikihamia kwa weupe kinaonekana giza. Ni sawa na kijana wa kimo cha wastani akisimama kati ya watoto. Kwa hiyo hakuna faida kukiangalia kikiwa peke yake, hata kwa picha. Kama huna simu, finya macho mpaka kope zikaribiane. Inafanya kazi ileile, ila watu watakuuliza kama unaumwa.

Michoro ya vitambaa ilinipa somo dogo zaidi. Yale maua makubwa kama sahani, nilipoyakata inchi 5, yalinipa miraba yenye nusu ya petali, miraba yenye ncha ya jani, na mitatu isiyo na kitu chochote isipokuwa rangi ya nyuma. Nikajifunza kukata dirisha kwenye karatasi ngumu, inchi 4 na nusu kila upande, nikalitembeza juu ya kitambaa. Kinachoonekana ndani ya dirisha ndicho nitakachopata. Kuna vitambaa ambavyo sikuvitazama mara mbili dukani vikageuka vizuri ndani ya dirisha, na kuna vilivyonivutia vikafa. Wale ndege nao wote walikuwa wanatazama juu. Mraba mmoja ukiugeuza, ndege amelala kifudifudi. Ukitaka amani mwanzoni, chagua michoro isiyo na juu wala chini. Mistari na miraba iliyochapwa iogope kidogo: ikiwa imechapwa upande dhidi ya nyuzi, utakata sawasawa na bado itaonekana umekata kombo.

Nimeacha shati la baba mpaka sasa makusudi. Sikutaka kulitoa. Shangazi alilichukua lile lililobaki akalinyanyua dhidi ya dirisha, akanionyesha: chini ya mikono mwanga ulipita kama kwenye chandarua, kwenye kola vilevile, lakini mgongoni, chini ya kile kipande cha mabega, nyuzi zilikuwa bado zimeshikana. Shati moja la mtu mzima, mgongo peke yake, lilinipa miraba 9, na pande za mbele zikanipa 6. Kumi na tano, barabara. Lilikuwa pamba tupu, uzito uleule, limeshafuliwa mara mamia, haliwezi kusinyaa wala kutoa rangi. Kati ya vile 12 vya mwanzo ndilo peke yake lililoingia kwenye mfarishi wa pili, tena lilishika nafasi ya katikati kwenye ngazi zangu bila kusukumwa.

Kitambaa kuukuu hakina kosa lenyewe. Wanawake wa Gee's Bend, jamii ya Wamarekani weusi iliyo kwenye kona ya mto Alabama huko Marekani, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, jinzi zilizochujuka magotini na kadhalika, na mwaka 2006 mifarishi yao ilitiwa kwenye stempu za posta za nchi hiyo. Ukiitazama ile ya nguo za kazi utaona jinzi imekaa na jinzi, kizito na kizito. Jinzi yangu haikuwa mbaya. Niliihamishia kwenye nyumba isiyo yake.

Mgongo wa mfarishi haukunichukua muda. Nilichagua ile pamba isiyopaushwa ambayo kwa Kiswahili cha zamani huitwa marekani, nikaifua mara mbili kwa sababu husinyaa vibaya, nikaiacha izidi uso kwa inchi 4 kila upande. Pamba ya kujaza katikati, kati ya uso na mgongo, nilichukua nyembamba. Uzi wa rangi ya majivu ulitosha kwa kila kitu. Sikuhangaika kuubadilisha kila nilipobadilisha rangi ya kitambaa. Jambo moja tu: mraba mweupe ulio juu ya mshono unaoelekea upande wake huonyesha kivuli cha kitambaa cheusi kilicho chini, kwa hiyo mishono niliipiga pasi ikielekea upande wa giza.

Mfarishi ulimalizika mtoto akiwa na wiki tano. Safu ya tisa ina chungwa na kijani vilivyokaa pamoja ambavyo ni mapacha, niliviona nikiwa nimeshafunga ukingo, na nimeviacha. Dada hajaviona. Shangazi aliviona kabla hajaketi, akanitazama, akanyamaza.

Mwezi uliofuata mtoto alitapika maziwa juu yake na dada akanipigia simu akiwa na wasiwasi, kwamba hajui kama anaweza kuutia majini kitu kilichoshonwa hivyo. Nilimwambia aniletee. Nililijaza maji beseni, nikauzamisha, nikaukanda, nikakaa pembeni kwenye kigoda muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilipouinua, maji yalikuwa na povu na vumbi kidogo. Weupe ulikuwa mweupe. Niliyamwaga, nikajaza mengine.